Mtakatifu Fransisko wa Asizi na Ndege Mikononi Mwake



Hapa kwetu jina la Fransisko tunalitaja kila siku bila kufikiri. Mtu akizidiwa Kibaoni anakimbizwa Mtakatifu Fransisko, hospitali yetu ya Ifakara. Wakapuchini wa Uswisi, waliopokea misheni za huku mwaka 1921, nao ni wanawe. Ukiuliza Fransisko ni nani, wengi watakujibu: si yule wa ndege? Ndiye. Ila sisi ndege tunawajua kivingine. Mpunga ukitoa masuke, watoto wanaamia ndege tangu alfajiri, na kwelea kwelea wakishuka kwa kundi hakuna anayewaita ndugu.

Alizaliwa Asizi, Italia, mwaka 1181 au 1182. Baba yake alikuwa tajiri wa vitambaa, na kijana alizitumia pesa hizo kwa nguo nzuri na sherehe. Mwaka 1202 alienda vitani kupigana na mji jirani wa Perugia, akatekwa, akafungwa karibu mwaka mzima. Mwaka 1206, mbele ya askofu, alimrudishia baba yake hadi nguo alizovaa. Miaka 3 baadaye Papa Inosenti wa Tatu akamruhusu yeye na wenzake kuishi kimaskini na kuhubiri.

Karibu na Bevagna alikuta kundi kubwa la njiwa na kunguru. Akawasalimu kama watu, hawakuruka. Akawahimiza wamsifu Muumba aliyewapa mbawa na manyoya, anayewalisha ingawa hawapandi wala hawavuni. (Mkulima wa Kilombero hapo atacheka: kupanda hawapandi, lakini kuvuna, mbona wanavuna sana!) Akapita katikati yao, kanzu ikiwagusa vichwa, nao wakasubiri baraka ndipo wakaondoka. Kisa hiki Ndugu Tomaso wa Celano alikiandika miaka michache tu baada ya Fransisko kufa.

Mimi kinachonigusa zaidi ni kile cha ziwa la Rieti. Akiwa ndani ya mashua, mvuvi alimpa ndege wa majini. Fransisko akampokea kwa furaha, halafu akafungua viganja ili aende zake. Ndege akajilaza humohumo kama kiotani, Fransisko akazama katika sala. Baadaye akambariki, akamwambia aruke, naye akaruka. Nadhani mtu aliyelala gerezani Perugia hawezi kukitazama kizimba kama sisi tunavyokitazama.

Simulizi za baadaye zinaongeza kijana aliyekuwa anapeleka hua sokoni, ndege walewale wa sadaka ya maskini Yesu alipotolewa hekaluni. Fransisko akamwomba hao hua, akawatengenezea viota, wakazaa kati ya ndugu. Kijana mwenyewe akaishia kuwa ndugu.

Huku kwetu manati haichagui. Kuna mnana anayeishi bonde la Kilombero tu, hapatikani kwingine duniani. Wataalamu walimtambulisha mwaka 1990. Kwa jiwe la manati yeye na kwelea kwelea ni sawa tu.

Halafu kuna jambo watu wanalisahau. Fransisko alitamani kumwomba mfalme mkuu atoe sheria: watu wasiwakamate ndege wadogo wenye kishungi, wa rangi ya udongo kama kanzu za ndugu zake, na siku ya Noeli wawamwagie nafaka barabarani. Katika ombi hilohilo alitaka matajiri wawashibishe maskini siku hiyo, na ng'ombe na punda waongezewe majani. Yaani hakuwapenda ndege akasahau njaa ya watu.

Mwaka 1224, mlimani La Verna, alipokea madonda matakatifu. Huko kipanga aliyejenga karibu naye alikuwa anamwamsha usiku kusali. Akiona mgonjwa amechoka, anamwacha alale hadi alfajiri.

Alikufa jioni ya tarehe 3 Oktoba 1226, akiwa na miaka kama 44, karibu kipofu. Wale ndege wenye kishungi hupenda mwanga na huogopa giza. Jioni ile, jua limeshazama, walikuja kundi zima juu ya paa la nyumba alimolala, wakazunguka muda mrefu wakiimba.