Jacques Cousteau na visiwa viwili vya Ushelisheli

MSAFIRI anayeteremka kutoka Kangema, Karatina au Nyeri akitaka kupiga mbizi baharini hukabiliwa na swali moja kabla hajafunga mzigo: aende kisiwa kipi? Pemba ina kuta za matumbawe zinazotumbukia kilindini. Unguja ina boti na nyumba za wageni tele. Wasini iko Kenya, na miamba ya Kisite iko jirani yake. Katika ramani visiwa hivi vinakaribiana kama matuta ya shamba moja, lakini chini ya maji kila kimoja kina mambo yake.

Mtu aliyefanya swali hilo liwe la msafiri wa kawaida, badala ya kuwa la mabaharia na wapiga mbizi wa lulu, ni Jacques-Yves Cousteau, Mfaransa aliyefariki jijini Paris Juni 25, 1997, akiwa na umri wa miaka 87. Naye aliwahi kuchagua kati ya visiwa viwili jirani, katika bahari yetu hii ya Hindi, na uchaguzi wake unaeleza mengi juu yake kuliko medali alizovishwa.

Cousteau alizaliwa Juni 11, 1910 katika mji mdogo wa Saint-André-de-Cubzac, karibu na Bordeaux. Alijiunga na chuo cha wanamaji mjini Brest mwaka wa 1930, akinuia kuwa rubani. Ajali ya gari ilimvunja mikono na kuzima ndoto hiyo. Ili kuinyoosha misuli alianza kuogelea baharini karibu na Toulon, ambako afisa mwenzake, Philippe Tailliez, alimpa miwani ya majini. Kijana aliyenyimwa anga akaiona bahari kwa mara ya kwanza.

Wakati huo aliyetaka kukaa chini ya maji kwa muda mrefu kwa kawaida alivaa kofia nzito ya chuma, akafungwa kwa mpira wa hewa uliotoka mashuani kama mbuzi aliyefungwa kambani. Mwaka wa 1937 Cousteau alimwoa Simone Melchior, ambaye babake alikuwa mkuu katika kampuni ya gesi ya Air Liquide. Kupitia ukoo huo alikutana na mhandisi Émile Gagnan, aliyekuwa ametengeneza vali ya kuendeshea magari kwa gesi, kwa kuwa petroli ilikuwa adimu katika miaka ya vita. Mwaka wa 1943 wawili hao waliigeuza vali hiyo ifanye kazi nyingine: kumpa mzamiaji hewa pale tu anapovuta pumzi, tena kwa kani iliyo sawa na ya maji yanayomzunguka.

Hilo si jambo dogo. Kila mita kumi za kina huongeza uzito wa maji juu ya kifua kwa kadiri ya uzito wa hewa yote iliyo juu ya dunia. Bila vali ya kulinganisha, mapafu hushindwa kufunguka. Kwa mtungi mgongoni na vali mdomoni, mtu aliweza kwenda atakako kama samaki. Kila mtalii anayeshuka Watamu au Pemba hivi leo hutumia wazo lile lile.

Mnamo 1950 tajiri Mwingereza Loel Guinness alinunua meli iliyokuwa ya kutegua mabomu ya baharini na kumkodishia Cousteau kwa malipo ya jina tu. Kabla ya hapo ilikuwa imefanywa kivuko cha kuvusha watu kati ya Malta na kisiwa jirani cha Gozo, na ndiko ilikopata jina la Calypso. Fedha za safari zilikuwa taabu. Mwaka wa 1954 Cousteau aliipeleka Calypso katika Ghuba, ambako wazamiaji wake walichukua sampuli za mawe kwenye sakafu ya bahari ya Abu Dhabi kwa ajili ya kampuni ya mafuta ya Waingereza. Wanaomsifu kama mlinzi wa bahari hupenda kuiruka kazi hiyo, ingawa ndiyo iliyomlipia mafuta ya meli.

Mwaka huo huo alifika Aldabra, kisiwa cha matumbawe cha Ushelisheli chenye urefu wa kilomita 34 hivi, makao ya kobe wakubwa na ndege wasiopatikana kwingineko. Alivutiwa nacho sana, akataka kilindwe. Lakini aliporejea mwaka wa 1955 kupiga filamu, pamoja na kijana wa miaka 22 aitwaye Louis Malle, kambi yake kuu haikuwa Aldabra. Ilikuwa Assumption, kisiwa kidogo kilicho kilomita 27 hivi kusini-mashariki yake.

Juu ya nchi kavu, Assumption ilikuwa masikitiko. Wachimbaji wa samadi ya ndege walikuwa wameikwangua tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kobe wake wa asili walikuwa wametoweka na kasa wake walichinjwa kwa wingi. Aliyetafuta pepo ya nchi kavu angeupa mgongo. Mzamiaji hupima kwa mizani nyingine. Katikati ya Aldabra mna maji mengi ya chumvi yaliyozingirwa na ardhi, na kila maji yanapokupwa au kujaa hupita kwa kishindo katika milango michache, yakibeba mchanga na tope. Wakati wa bamvua mkondo huo unaweza kumchukua mtu kama jani. Assumption haina ziwa la namna hiyo. Upande wake wa magharibi hukingwa na upepo wa kusi, maji yake ni maangavu, na ukuta wa matumbawe u karibu na ufuo.

Hapo wazamiaji walikaa wiki kadhaa. Chewa mmoja mkubwa aliwazoea hadi akawa anakula mikononi mwao. Walimpa jina Ulysse, na alipozidi kujitia mbele ya kamera wakamfungia kwa muda katika tundu la kujikinga na papa. Filamu hiyo, Ulimwengu wa Ukimya, ilitwaa tuzo kuu ya Cannes mwaka wa 1956 na Oscar mwaka uliofuata.

Anayeitazama sasa hushtuka. Baruti inalipuliwa kwenye matumbawe ili samaki waliokufa wahesabiwe. Mtoto wa nyangumi anajeruhiwa na rafadha ya meli, anauawa, na papa wanaokuja kumla wanavutwa sitahani na kukatwakatwa kwa hasira. Filamu iliyowafundisha mamilioni kuipenda bahari ilipigwa na watu waliokuwa bado hawajajifunza kuihurumia. Haitoshi kusema kwamba zama zilikuwa tofauti, kwa maana samaki wa Assumption hawakumjua Mfaransa yeyote hadi siku hiyo, na mmoja wao alimwendea akiomba chakula.

Kwa watu wa Kangema na majirani zao, kisiwa kilikuwa na maana nyingine katika miaka hiyo ya Hali ya Hatari. Baadhi ya wanaume wa nyanda za Mlima Kenya walikuwa kizuizini Manda, ng'ambo ya Lamu. Serikali ya kikoloni nayo ilijua kuchagua visiwa.

Ilichagua tena miaka kumi baadaye. Mnamo Novemba 1965 Uingereza ilitenga Aldabra, visiwa vya Chagos na vinginevyo kuwa koloni jipya kwa matumizi ya kijeshi. Uwanja wa ndege za kivita ulipangwa kujengwa Aldabra. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani walipiga kelele kwa ajili ya kobe na ndege, na Novemba 1967, fedha zilipoiishia London, mpango ukaachwa. Kambi ikajengwa Diego Garcia, katika Chagos. Wakazi wake, ambao hawakuwa na chama cha wanasayansi cha kuwatetea, walihamishwa kwa nguvu hadi Mauritius na Ushelisheli kufikia 1973.

Cousteau naye alikuwa amebadilika. Mwaka wa 1960 aliongoza upinzani dhidi ya kutupwa kwa taka za nyuklia katika Mediterania, akipambana na serikali yake mwenyewe. Alianzisha shirika lake la kutetea bahari mwaka wa 1973, akampoteza mwanawe Philippe katika ajali ya ndege mwaka wa 1979, na katika uzee wake alikuwa miongoni mwa sauti kuu zilizosaidia kupatikana kwa mkataba wa 1991 wa kuzuia uchimbaji madini Antaktika. Calypso iligongwa na kuzama bandarini Singapore mwaka wa 1996. Mwenyewe alizikwa katika mji aliozaliwa.

Aldabra iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka wa 1982, na kobe wake hukadiriwa kuwa takriban 100,000. Haina hoteli wala uwanja wa ndege. Watafiti wanaoruhusiwa kuizuru kwa kawaida hutua kwanza Assumption, kwenye kiwanja kilichojengwa juu ya mwamba uliochimbwa samadi, kisha humalizia safari kwa mashua.