Mario Bava, fundi wa Italia aliyetisha dunia kwa pesa kidogo

Mario Bava alifariki mjini Roma mwishoni mwa mwezi wa nne mwaka wa 1980, kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na umri wa miaka 65. Tarehe 29 ya mwezi uleule Alfred Hitchcock naye akafariki huko Marekani, na watu wa sinema duniani wakamlilia Hitchcock. Kifo cha Muitalia kilipita kimya zaidi.

Tarehe 9 mwezi wa tano, filamu moja kuhusu vijana wanaouawa mmoja mmoja kando ya ziwa ilianza kuonyeshwa Marekani. Iliitwa Friday the 13th, na iliingiza zaidi ya dola milioni 39 katika nchi hiyo peke yake. Njia ile Bava alikuwa ameifungua miaka tisa kabla, kwa filamu ya pesa kidogo sana ambayo kamera yake aliishika mwenyewe.

Hivyo ndivyo maisha yake ya kazi yalivyokwenda: yeye anavumbua, wengine wanavuna.

Mtoto wa fundi

Bava alizaliwa tarehe 31 mwezi wa saba 1914 huko Sanremo, mji wa pwani kaskazini-magharibi mwa Italia. Baba yake, Eugenio Bava, alikuwa mchongaji wa sanamu. Sinema ilipokuwa bado haina sauti, aliingia katika kazi hiyo kama mpiga picha na mtengenezaji wa viini macho, yaani vile vitu ambavyo jicho linaviona lakini havipo.

Mario alitaka kuwa mchoraji. Lakini uchoraji haukumletea chakula, naye akaenda kufanya kazi chini ya baba yake katika Istituto Luce, kiwanda cha sinema cha serikali wakati wa utawala wa Mussolini. Pale alijifunza kupanga taa, kuchora juu ya kioo, na kupiga picha kitu kidogo kikaonekana kikubwa.

Mwaka wa 1939 alishika kamera katika filamu mbili fupi za Roberto Rossellini, aliyekuja baadaye kuwa mmoja wa waongozaji wakubwa wa Italia. Toka hapo, kwa muda wa karibu miaka 20, Bava alijulikana kama mpiga picha. Alifanya kazi na Steno na Mario Monicelli, na mwaka wa 1955 alimpiga picha Gina Lollobrigida katika La donna più bella del mondo. Watu wa kazi walimheshimu, lakini watazamaji hawakumjua. Kuongoza filamu hakukuwa haja yake.

Kumaliza kazi za wengine

Mabadiliko yalitokea kwa sababu ya ugomvi wa watu wengine. Mwaka wa 1956 Riccardo Freda alikuwa anaongoza I vampiri, filamu ya kwanza ya kutisha ya Italia tangu sinema kupata sauti. Freda akagombana na watayarishaji, yaani wenye kutoa pesa, akaacha kazi ikiwa haijaisha. Zilibaki siku mbili. Bava, aliyekuwa mpiga picha, akaimaliza.

Katika filamu ile kuna mwanamke mzuri ambaye uso wake unazeeka mbele ya watazamaji, bila picha kukatwa hata mara moja. Watu walijiuliza imewezekana namna gani. Jibu ni rahisi kwa mtu aliyekulia katika rangi. Makunyanzi yalichorwa usoni kwa rangi nyekundu. Taa ilipokuwa nyekundu, makunyanzi hayakuonekana, kwa sababu filamu ilikuwa ya nyeusi na nyeupe. Taa ilipobadilishwa rangi polepole, yakatokea meusi. Mashine ya gharama haikuhitajika.

Mwaka wa 1959 Freda akaacha tena kazi nyingine, Caltiki, na Bava akaimaliza tena. Jitu la filamu ile lilitengenezwa kwa matumbo ya ng'ombe. Mwaka huohuo aliokoa pia La battaglia di Maratona, iliyokuwa imeanzwa na Jacques Tourneur. Katika filamu hizo zote, jina la muongozaji lilibaki la mtu mwingine.

Kampuni Galatea, iliyokuwa imetoa pesa, iliona ni nani aliyeikinga na hasara. Kama shukrani, ikamwambia Bava achague hadithi anayoitaka, aiongoze kwa jina lake mwenyewe.

Kinyago chenye misumari

Bava alichagua hadithi ya mwandishi Nikolai Gogol inayoitwa Viy, lakini aliibadilisha hata ikabaki kidogo sana ya Gogol. Filamu ilitoka mwezi wa nane 1960, ikaitwa La maschera del demonio. Wanaosoma Kifaransa wanaijua kama Le Masque du démon. Bava alikuwa na miaka 46.

Inaanza na mwanamke anayehukumiwa kwa uchawi. Kinyago cha chuma chenye misumari kwa ndani kinapigiliwa usoni mwake kwa nyundo kubwa. Miaka 200 inapita, tone la damu ya msafiri linaanguka juu ya maiti yake, naye anaamka ili auchukue mwili wa msichana wa ukoo wake. Muingereza Barbara Steele aliigiza wote wawili, mchawi na msichana, na filamu hiyo moja ikamfanya ajulikane.

Huko Italia filamu haikupata watu wengi, lakini nje ya nchi ilikwenda vizuri. Kampuni ya Marekani, American International Pictures, iliinunua, ikapunguza sehemu zilizoonekana kali, ikaondoa muziki wa asili na kuweka wake. Uingereza iliikataza hadi mwaka wa 1968. Toka mwanzo, basi, Bava alipata mafanikio pamoja na jambo lililomfuata mpaka mwisho: mwenye pesa ndiye aliyeamua watu waone nini.

Rangi na muuaji mwenye glovu

Miaka iliyofuata ndiyo yenye matunda mengi zaidi. Mwaka wa 1963 alitoa La ragazza che sapeva troppo, inayohesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya aina ambayo Waitalia wanaiita giallo. Neno hilo maana yake ni rangi ya njano, na linatokana na majalada ya vitabu vya upelelezi vilivyouzwa Italia tangu 1929.

Mwaka uliofuata akatoa Sei donne per l'assassino. Katika nyumba moja ya mitindo ya mavazi, wanawake wanauawa na mtu mwenye kofia, koti refu, glovu nyeusi na kitambaa kilichofunika uso wote. Bava aliweka taa nyekundu, za kijani na za zambarau mahali ambapo kwa kawaida pangekuwa na giza tu. Pesa ya reli ya kamera haikuwepo, basi kamera ikawekwa juu ya kigari cha watoto kuchezea na kuvutwa. Ukiitazama filamu huwezi kutambua. Kuanzia 1970 Dario Argento alifuata njia hiyohiyo, akapata pesa na umaarufu kuliko Bava.

Mwaka wa 1965 ilikuwa zamu ya Terrore nello spazio, safari ya anga hadi sayari isiyojulikana. Ili kutengeneza sayari nzima, Bava alikuwa na miamba miwili ya plastiki, iliyobaki kutoka filamu nyingine. Aliizidisha kwa vioo, akaificha katika moshi, akaimulika kwa taa za rangi. Katika filamu ile wasafiri wanafuata mwito wa mbali, wanakuta chombo kilichoachwa, na ndani yake mifupa ya kiumbe kikubwa sana. Miaka 14 baadaye, filamu ya Alien ilipotoka, watu wengi waliona jinsi hadithi hizo mbili zinavyofanana.

Mwaka wa 1966, katika Operazione paura, pesa iliisha kazi ikiwa katikati. Waigizaji na wafanyakazi wakakubali kumaliza bila kulipwa. Mzuka wa filamu ile si jitu lenye meno, ni msichana mdogo mwenye nywele nyeupe na mpira wake, na aliyemuigiza alikuwa mvulana. Miaka miwili nyuma ya hapo, Federico Fellini aliweka msichana mwenye mpira katika filamu yake Toby Dammit, akiwa kama sura ya shetani.

Mwisho uliokatwa

Mfano ulio wazi zaidi wa mambo aliyotendewa ni I tre volti della paura, ya mwaka wa 1963. Ni hadithi tatu katika filamu moja, na Boris Karloff, muigizaji mashuhuri wa Frankenstein, ndiye anayezitambulisha. Mwishoni Karloff anaonekana juu ya farasi akikimbia usiku msituni. Halafu kamera inarudi nyuma. Farasi ni wa bandia, na wafanyakazi wanazunguka mbio na matawi mikononi, wakiyapitisha mbele ya kamera ili msitu uonekane unakwenda. Bava alikuwa anacheka pamoja na watazamaji na kuwaonyesha siri ya kazi yake.

Kampuni ya Marekani iliukata mwisho huo. Ilibadilisha pia mpangilio wa hadithi tatu, ikageuza maana ya ile ya simu, na kuweka muziki mwingine. Toleo hilo liliitwa Black Sabbath, na mwishoni mwa miaka ya 1960 vijana wanne wa Birmingham, Uingereza, walichukua jina hilo kwa ajili ya bendi yao. Hivyo jina la filamu yake likaimbwa dunia nzima na watu wengi ambao hawakujua jina Bava.

Mwaka wa 1968 mtayarishaji mkubwa Dino De Laurentiis alimpa kazi ya Diabolik, kutoka hadithi za picha kuhusu mwizi mwerevu. Pango kubwa la mwizi huyo linaloonekana katika filamu kwa sehemu kubwa ni michoro tu. De Laurentiis alifurahi, akataka filamu ya pili. Bava alikataa. Alipendelea pesa kidogo na uhuru.

Mwaka wa 1971 akatoa Reazione a catena, ambayo kwa Kifaransa inaitwa La Baie sanglante. Watu 13 wanauawa kwa sababu ya urithi wa kiwanja kando ya maji. Mahali palipochaguliwa palikuwa na miti michache, basi wafanyakazi walishika matawi mbele ya kamera, kama katika ule mwisho wa Karloff. Watu wengi walichukizwa na damu yake. Lakini mauaji ya wapenzi wawili wanaochomwa na mkuki mmoja yalirudi karibu vilevile katika Friday the 13th ya pili, mwaka wa 1981.

Miaka ya uchungu

Mtayarishaji Alfredo Leone alimpa uhuru kamili kwa Lisa e il diavolo, iliyopigwa picha Hispania na waigizaji Telly Savalas na Elke Sommer. Ilikuwa kazi ambayo Bava aliijali sana. Mwaka wa 1973 ilipelekwa Cannes, lakini wanunuzi hawakupatikana.

Wakati huo filamu ya Marekani The Exorcist ilikuwa inajaza majumba ya sinema. Leone akaamua kuongeza padri na pepo wa kufukuzwa. Filamu ilikatwa, ikashonwa upya, ikatoka mwaka wa 1975 kwa jina La casa dell'esorcismo. Penye jina la muongozaji pakaandikwa Mickey Lion, mtu asiyekuwepo.

Mwaka wa 1974 Bava alipiga picha Cani arrabbiati, hadithi ya majambazi na mateka wao ndani ya gari moja, bila mizuka wala kinyago. Kazi ilikuwa karibu kwisha wakati mtayarishaji alipofilisika. Picha zote zikakamatwa kwa sababu ya madeni. Bava hakuwahi kuona filamu hiyo ikionyeshwa kwa watu.

Alitoa Schock mwaka wa 1977, akisaidiwa na mtoto wake Lamberto. Kazi yake ya mwisho ilikuwa tena ya kumsaidia mtu mwingine: alitengeneza viini macho katika Inferno ya Dario Argento, iliyotoka 1980.

Yaliyobaki

Lamberto Bava alifuata kazi ya ukoo, akaongoza Dèmoni mwaka wa 1985. Martin Scorsese amemsifu baba yake mara nyingi, na Tim Burton aliweka alama za La maschera del demonio katika Sleepy Hollow ya mwaka wa 1999. Polepole matoleo ya asili yalitafutwa, yakasafishwa. Lisa e il diavolo inaonekana leo kama ilivyotengenezwa, bila padri. Na Cani arrabbiati ilitoka katika miaka ya 1990, nyuma ya miaka zaidi ya 20, kwa juhudi za Lea Lander, mwanamke aliyeigiza ndani yake. Safari hii, penye jina la muongozaji paliandikwa Mario Bava.