Al-Khalil bin Ahmad na Mpangilio wa Konsonanti: Kutoka Kooni hadi Midomoni

Makala haya mafupi yanaeleza maisha ya Al-Khalil bin Ahmad Al-Farahidi na mchango wake katika uchunguzi wa mahali pa kutamkia konsonanti. Al-Khalil alizaliwa Oman yapata mwaka 718, akaishi na kufundisha Basra, mji uliokuwa kitovu cha sarufi ya Kiarabu. Wasimulizi wanakubaliana kwamba aliishi kifukara. Ndiye anayehesabiwa kuwa mwasisi wa arudhi ya ushairi wa Kiarabu.

Alipokusudia kutunga kamusi, alikabiliwa na tatizo la mpangilio. Alfabeti iliyozoeleka ilikusanya pamoja herufi zenye maumbo yanayofanana. Haikueleza lolote kuhusu matamshi. Kwa hiyo aliiacha, akakichunguza kinywa chake mwenyewe. Alitamka irabu fupi, kisha akaifunga kwa konsonanti aliyoitafiti, kama vile ab, at na agh, ili abaini sauti inakomea wapi. Kwa njia hiyo alizipanga konsonanti kuanzia kooni, kupitia kaakaa na ncha ya ulimi, hadi midomoni. Ya kwanza ilikuwa ain, na kamusi ikaitwa Kitab al-Ayn. Hamza hakuitanguliza, kwa kuwa hubadilika na kudondoshwa mara kwa mara.

Mwanafunzi wake Sibawayhi hakuurithi mpangilio huo bila kuuhoji. Yeye alianza na hamza, akabainisha mahali 16 pa kutamkia, na akatenga konsonanti zinazozuia sauti na zile zinazoiachia ipite. Fonetiki ya leo inamuunga mkono: hamza hutamkiwa kwenye glota, na ain juu yake, kwenye koromeo.

Al-Khalil alifariki Basra kati ya mwaka 786 na 791. Wataalamu wamebishana kuhusu uandishi wa kamusi yake, na wengi huona kwamba ilikamilishwa na Al-Layth bin Al-Muzaffar. Aidha, ingawa Al-Azhari aliufuata mpangilio huo katika karne ya 10, hatimaye uliachwa kwa sababu ulimtatiza msomaji aliyetafuta neno.

Hata hivyo, mbinu yake ingali na thamani. Maneno elimu na umri yana asili ya Kiarabu, ambako huanza kwa ain. Katika Kiswahili sanifu huanza kwa irabu. Anayetegemea asili ya neno ataitafuta ain hiyo. Anayesikiliza kinywa cha msemaji hataikuta.