Marius Smith-Petersen

Marius Nygaard Smith-Petersen (Grimstad, Norwei, 14 Novemba 1886 – 16 Juni 1953) alikuwa daktari mpasuaji wa mifupa nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa msumari wa kuunganishia shingo ya paja iliyovunjika na kwa kikombe cha kufunika kichwa cha mfupa wa paja. Mafanikio ya kazi yake yalitegemea swali ambalo madaktari wanaliuliza hadi leo: metali ikiachwa mwilini, ni kiasi gani kinachotoka na kuingia katika nyama iliyo jirani?

Maisha

Alihamia Marekani akiwa kijana. Alihitimu Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1910 na shule ya tiba ya Harvard mwaka 1914. Aliongoza idara ya mifupa ya Massachusetts General Hospital, mjini Boston, kuanzia 1929 hadi 1946. Mwaka 1943 alikuwa rais wa chama cha wapasuaji wa mifupa wa Marekani.

Msumari wa nyonga

Zamani mzee aliyevunjika shingo ya paja alifungwa plasta kubwa na kulazwa kwa miezi mingi. Wengi walikufa kwa nimonia au vidonda vya kulalia, na waliopona mara nyingi walibaki vilema. Mwaka 1925 Smith-Petersen alianza kutumia msumari wenye mbawa tatu, uliozuia kichwa cha mfupa kuzunguka. Alichapisha matokeo yake mwaka 1931. Mwaka uliofuata Sven Johansson wa Uswidi alieleza msumari wenye tundu katikati, unaopitishwa juu ya waya kwa msaada wa eksirei.

Kikombe cha nyonga

Smith-Petersen aliwahi kutoa kipande cha kioo mgongoni mwa mgonjwa, akakuta kimezungukwa na utando laini. Hapo alipata wazo la kufunika kichwa cha paja kwa kikombe, ili mwili ujenge utando kama huo ndani ya kiungo kilichoharibika. Kikombe cha kwanza, mwaka 1923, kilikuwa cha kioo, lakini vikombe vya aina hiyo vilivunjika. Alijaribu pia plastiki, Pyrex na Bakelite. Mwaka 1938, kwa ushauri wa daktari wa meno, alianza kutumia Vitallium, yaani mchanganyiko wa kobalti, kromi na molibdeni uliokuwa ukitumika kutengeneza meno ya bandia.

Metali ndani ya mwili

Umajimaji wa mwili una chumvi, hivyo unaweza kuila metali kama maji ya bahari yanavyokula chuma. Metali mbili tofauti zikikaa karibu, umeme mdogo hupita kati yake kama katika betri, na mojawapo huyeyuka haraka zaidi. Mwaka 1937 Charles Venable na Walter Stuck wa Texas walitangaza majaribio waliyofanya kwa wanyama kwa kutumia skrubu za metali mbalimbali. Walionyesha kwamba metali huingia katika tishu za jirani, na kwamba mfupa unaozunguka skrubu huweza kuharibika hadi skrubu ikalegea. Vitallium ilileta madhara madogo kuliko metali nyingine walizopima. Kwa hiyo ilipata nafasi katika upasuaji wa mifupa, ikiwa ni pamoja na vikombe vya Smith-Petersen.

Urithi

Baadaye vipimo vilikuwa makini zaidi. Kipande cha tishu kutoka kando ya kifaa huyeyushwa kwa asidi, kisha kiasi cha kila metali kilichomo hupimwa kwa mashine. Vipimo hivyo vimeonyesha kwamba hata mchanganyiko wa kobalti na kromi hautulii kabisa, hasa metali inaposuguana na metali. Mwaka 2010 mamlaka ya dawa na vifaa vya tiba ya Uingereza iliwataka madaktari wawachunguze zaidi wagonjwa wenye nyonga za namna hiyo ambao damu yao ina zaidi ya mikrogramu 7 za kobalti au kromi kwa lita.

Kikombe cha Smith-Petersen hakitumiki tena kwa kawaida, kwa kuwa siku hizi kiungo chote cha nyonga hubadilishwa. Hata hivyo, njia ya kuunganisha shingo ya paja kwa metali, ili mgonjwa asilazwe muda mrefu, inaendelea kutumika duniani kote.