Santuri Ambayo Mbaraka Hakuishika



Kama wewe ni mwanakwaya, au umewahi kuishi nyumba moja na mwanakwaya, unaijua siku ya uzinduzi wa albamu ya kwanza. Sare mpya zinashonwa, mgeni rasmi anaalikwa, bahasha zinapita, na nakala ya kwanza inanunuliwa kwa mnada. Jumapili inayofuata, maboksi yaliyobaki yanasukumwa kwenye kona ya sakristia.

Mimi niliimba besi katika kwaya ya namna hiyo, hapa chini ya milima ya Uluguru. Maboksi yetu yalikaa kwenye kona ile miaka mingi. Wenzetu wengine waliacha kabisa kuimba, wakisema Mungu hakuibariki kazi ile. Huenda na wewe una boksi lako: duka lililofungwa, ndugu uliyemsomesha na hakupigii hata simu, jumuiya uliyoihudumia na hakuna anayekumbuka. Basi leo nakuomba tumkumbuke mtu mmoja wa mji huu.

Mbaraka Mwinshehe Mwaruka alizaliwa tarehe 27 Juni 1944 huko Mzenga, Kisarawe, lakini ni Morogoro iliyompa jina. Mji kasoro bahari, wakati ule, ulikuwa mji wa dansi. Salum Abdallah alikuwa ameanzisha Cuban Marimba mwaka 1948, na upande wa pili walikuwapo Morogoro Jazz. Wapenzi wa muziki waligawanyika kama leo wanavyogawanyika kwa Simba na Yanga. Mwaka 1965 Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya barabarani. Katikati ya miaka hiyo ya 1960, Mbaraka, kijana wa miaka ishirini na ushei, alikuwa ameingia Morogoro Jazz. Haikuchukua muda gitaa lake la solo na sauti yake vikawa ndivyo watu walivyovifuata.

Usidhani, msomaji wangu, kwamba siku moja alizindua albamu na mji ukasimama. Santuri za wakati ule zilikuwa ndogo, zenye wimbo mmoja upande huu na mwingine upande wa pili. Wimbo ukiwa mrefu ulikatwa vipande viwili, na msikilizaji alilazimika kuinuka kugeuza santuri ili asikie mwisho wake. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, Dar es Salaam, na kwa ajili ya santuri zilisafiri hadi Nairobi. Mbaraka alifanya kazi hivyo, wimbo baada ya wimbo. Aliimba mapenzi, masimango na fedha. Dakta Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa Desemba 1971, Mbaraka alimtungia wimbo.

Mwaka 1970 Morogoro Jazz waliiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho makubwa ya Expo 70, mjini Osaka, Japani. Ungetarajia mtu aliyefika huko atulie. Lakini mwaka 1973, akikaribia miaka thelathini, aliiacha bendi iliyomkuza na kuanza upya na Super Volcano. Mtindo wao waliuita Masika, jina la mvua ambazo kila mkulima wa Uluguru anazisubiri. Huko ndiko ulikotoka wimbo wa Shida, ambao hata vijana wasiomjua mwimbaji wake wanauitikia.

Tarehe 12 Januari 1979, akiwa Mombasa, Mbaraka alipata ajali ya gari na kufariki. Alikuwa na miaka 34.

Sasa fuatana nami kwa makini. Katika miaka ya 1980, baada ya yeye kulala kaburini, nyimbo zile zilizotawanyika kwenye santuri ndogo zilikusanywa kwenye santuri kubwa, moja baada ya nyingine, kwa jina la Ukumbusho. Wengi wetu tuliozaliwa tumechelewa tumemfahamu kwa njia hiyo. Mbaraka hakuzishika santuri zile mkononi, wala hakuona foleni ya walionunua. Yeye alitoa wimbo wa siku ile, siku ile.

Simleti Mbaraka hapa kama mwimbaji wa kanisa, kwa maana aliimba dansi. Namleta kwa sababu alifanya jambo ambalo sisi wa kanisani tunalisahau. Soma sura ya nne ya Injili ya Yohana, pale kwenye kisima cha Samaria. Bwana anawafundisha wanafunzi wake kwamba mwenye kupanda na mwenye kuvuna si lazima wawe mtu mmoja, na kwamba wao wenyewe wameingia katika jasho la wengine. Anasema hayo akitaka wote wawili wafurahi pamoja. Sisi tunataka kupanda asubuhi na kuvuna jioni, na jioni ikifika bila mavuno tunamlaumu Mungu.

Tazama mto Ruvu. Maji yake yanashuka kutoka Uluguru, na watu wa Dar es Salaam wanayanywa kila siku. Wengi wao hawajawahi kuuona mlima wenyewe. Mlima haujapungukiwa na kitu kwa hilo.

Mwaka jana nilipanda kwenda Matombo msibani. Usiku, baada ya rozari, kijana mmoja alifungua simu yake, na ukasikika wimbo wa kwaya yetu, ule ambao tulibishana sana kama uingie kwenye albamu au usiingie. Mama mfiwa, ambaye tangu asubuhi hakuwa amefungua kinywa, akaanza kuuimba taratibu. Hakujua kwamba aliyekaa mkekani karibu naye ni mmoja wa walioimba. Sikumwambia. Nilikumbuka maboksi ya sakristia, nikaona aibu. Na tena, ningeweza nisiende msibani siku ile. Wimbo ungepigwa vilevile, na mama angeliwazika vilevile.

Kwa hiyo, ndugu yangu, Jumapili hii usihesabu nakala zilizobaki. Kama uliacha kuimba, rudi mazoezini jioni. Kama uliacha kumwombea mwanao kwa sababu habadiliki, anza tena leo. Kama darasa lako la katekisimu lina watoto wanne, wafundishe hao wanne vizuri. Mavuno yana mwenyewe, naye anajua atamtuma nani kuyakusanya, na lini.

Tuombe: Ee Bwana, utupe moyo wa kutoa kilichomo mikononi mwetu leo, na amani ya kutoona mwisho wake. Amina.

Jumapili njema.