Wakili wa bahari aliyetoroka gerezani ndani ya sanduku la vitabu

Mei 15, 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Mwalo wa Kibirizi mjini Kigoma ukapoa, na huku juu Kasulu na Kibondo, ambako dagaa hupanda kwa gari, habari ikawa hiyo hiyo: ziwa limefungwa.

Nani ana haki ya kumwambia mvuvi asishushe wavu? Ugomvi huo ni wa zamani sana, na aliyeutia moto ni wakili mmoja Mholanzi ambaye Afrika hakuwahi kufika: Hugo Grotius.

Alizaliwa Delft, Aprili 10, 1583. Chuo Kikuu cha Leiden kilimpokea akiwa na miaka 11, na kabla ya kufika 17 alishakuwa wakili The Hague. Kichwa kweli kweli.

Kesi iliyompa jina ilitoka mbali. Mwaka 1603 Waholanzi waliteka meli ya Wareno, Santa Catarina, karibu na Singapore, wakauza shehena yake Amsterdam. Baadhi ya wenye hisa wa kampuni wakaona aibu: huu si uharamia? Kampuni ikamtafuta Grotius aitetee.

Wareno walikuwa wakidai Bahari ya Hindi ni yao. Pwani ya Waswahili iliijua habari hiyo vizuri, maana Kilwa na Mombasa zilivamiwa mwaka 1505, kisha wafanyabiashara wakatakiwa kusafiri na kibali cha Wareno, tena kwenye maji waliyoyapita tangu enzi za mababu.

Mwaka 1609 sehemu ya utetezi wake ikatoka kama kitabu kidogo, Mare Liberum, yaani bahari huru, bila jina la mwandishi. Hoja yake nyepesi kueleweka: bahari haizungushiwi uzio, na meli ikipita haimpunguzii mwingine kitu. Maji ya ndani aliyaweka kando, alizungumzia bahari kuu.

Kwa samaki alienda kwa tahadhari. Alikubali kwamba kuna namna mtu anaweza kudai samaki wanaisha, halafu akapita haraka. Hapo ndipo alipobanwa. Mwaka 1613 mwanasheria wa Scotland, William Welwod, alimjibu kuwa wavuvi wa Kiholanzi wanawatawanya samaki wa pwani yao. Kwa upande wa samaki, dunia imeishia karibu zaidi na Welwod. Mwaka 1972 mwanasheria wa Kenya, Frank Njenga, alipeleka Umoja wa Mataifa pendekezo la ukanda wa kiuchumi wa bahari, na mkataba wa mwaka 1982 ukaipa kila nchi ya pwani hadi maili 200.

Mwaka huo huo wa 1613 Grotius alitumwa London. Safari hii kampuni ilitaka kuwazuia Waingereza wasinunue viungo kwenye visiwa vya Mashariki, na Waingereza wakamrushia hoja zile zile za bahari huru. Alijitetea kwa mikataba ambayo kampuni ilikuwa imefunga na wenyeji. Wakili ni wakili, lakini hapo alikuwa amevaa kanzu ya Wareno.

Kisha siasa ikamgeukia. Ugomvi wa dini na madaraka Uholanzi ulimfikisha kizimbani pamoja na kiongozi wake, Oldenbarnevelt. Mzee alikatwa kichwa Mei 1619. Grotius akapewa kifungo cha maisha, ngome ya Loevestein.

Huko aliruhusiwa vitabu, vikija na kurudi kwenye sanduku kubwa. Askari mwanzoni walikagua, baadaye wakachoka. Mkewe, Maria van Reigersberch, aliliona hilo kabla ya mumewe. Machi 22, 1621 alimwingiza sandukuni, yeye akabaki chumbani, na msaidizi wao wa kazi, Elsje van Houwening, akalisindikiza sanduku hadi Gorinchem. Askari waliolibeba walilalamikia uzito. Grotius akavaa nguo za fundi mwashi, akavuka hadi Antwerp, kisha Paris. Maria aliachiwa baadaye. Watu humsifu Grotius kwa kutoroka, ila mpango ulikuwa wa wanawake wawili.

Akiwa mkimbizi Paris ndipo alipochapisha, mwaka 1625, kitabu chake kikubwa kuhusu sheria ya vita na amani. Ndani yake aliandika kuwa mgeni aliyefukuzwa kwao na anayetafuta hifadhi asinyimwe makazi, mradi atii serikali na sheria za alikofikia. Kwa Kasulu na Kibondo jambo hilo si la vitabuni. Nyarugusu ilipokea Wakongo tangu mwaka 1996, wengi wao wakiwa wamevuka Ziwa Tanganyika kwa boti, na mwaka 2015 Warundi wakajaa Nyarugusu na Nduta. Masharti aliyoyataja, na mabishano juu yake, bado yako mezani.

Nyumbani hakukubaliwa tena. Alijaribu kurudi mwaka 1631, akalazimika kuondoka upya, halafu akawa balozi wa Sweden mjini Paris kwa miaka kumi.

Mwaka 1645, akitoka Sweden, meli yake ilipigwa na dhoruba katika Bahari ya Baltiki ikakwama pwani. Aliendelea kwa gari la farasi akiwa hoi, akafariki Rostock Agosti 28. Mwili wake ulirudishwa Delft, ukazikwa katika nchi iliyokuwa imemfunga maisha.