John Moore na Fumbo la Konokono wa Ziwa Tanganyika

Kigoma. Mwanabiolojia Mwingereza John Edmund Sharrock Moore (1870–1947) ni miongoni mwa wanasayansi walioufanya ulimwengu ulitazame Ziwa Tanganyika kwa mshangao.

Makombe ya ziwa hilo yalianza kupewa majina ya kisayansi mwaka 1859, kutokana na yale yaliyokusanywa na John Hanning Speke katika safari iliyomfikisha Ujiji mwaka uliotangulia. Moore aliongoza misafara miwili ya utafiti, 1895–1896 na 1899–1900. Aliwakuta konokono wenye makombe mazito yaliyonakshiwa kama ya baharini, akayalinganisha na visukuku vya kipindi cha Jurasiki. Katika kitabu chake cha mwaka 1903 alishikilia kuwa ziwa hili ni mabaki ya bahari ya kale.

Hoja hiyo haikudumu. Ziwa lilitokana na kupasuka kwa Bonde la Ufa, na konokono hao walipata maumbo yao humo humo ziwani kwa mamilioni ya miaka. Kufanana kwa umbo hakukuwa ushahidi wa undugu.

Hata hivyo, jina lake halikuzama. Mwaka 1905, yeye na J. B. Farmer walilipatia jina tendo la mgawanyiko wa seli liitwalo meiosisi, linalofundishwa shuleni hadi leo.

Wengi wa konokono hao hawapatikani kwingineko duniani. Udongo unaomomonyoka kutoka vilimani hufunika miamba wanamoishi. Kutunza miti ya mwambao ni kuwatunza wao.